Seti ya kudarizi herufi inayouzwa Mwanza: kitambaa ni kizuri, uzi mwekundu usiuamini

Seti hii inunuliwe, ila inunuliwe kwa ajili ya kitambaa chake na sindano zake. Nyuzi zake, hasa mwekundu, zinataka kupimwa kabla hazijagusa kitambaa, na chati yake, yaani mchoro wa kuhesabia mishono, inataka kurekebishwa ndipo iandike Kiswahili sawasawa. Anayejua hayo mawili tangu dukani atapata kazi ya kutundika ukutani kwa miaka mingi. Asiyejua atamaliza kazi ya miezi, ataifua, na weupe wote utageuka waridi.

Tunazungumzia ile isiyo na jina la kampuni, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, yenye picha ya nyumba katikati ya miti miwili, alfabeti juu, tarakimu chini yake, na ukingo wa maua pande zote nne. Hutundikwa pamoja na zipu, vifungo na nyuzi za cherehani kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji katikati ya jiji, mitaa ile ya kuelekea Makoroboi. Inakuja kwa namna mbili. Moja kitambaa chake kimechapwa rangi za mchoro, unajaza tu juu yake. Nyingine kitambaa ni cheupe kitupu na unahesabu kutoka kwenye chati. Tathmini hii ni ya hiyo ya pili. Mifuko inafanana sana, kwa hiyo mwombe muuzaji aufungue mfuko mbele yako.

Ndani mna aida, yaani kitambaa kilichofumwa kwa vijumba vya kuhesabika, nyeupe namba 14 yenye sentimita 33 kwa 43, rangi 9 za uzi zilizofungwa kwenye kadi yenye matundu, sindano butu mbili namba 24, fremu ya mviringo ya plastiki yenye upana wa sentimita 18, na chati ya karatasi moja ya A4.

Kitambaa kwanza, maana ndicho kinachostahili sifa. Aida namba 14 maana yake vijumba 14 kwa kila inchi, na kwa rula ya kawaida ni vijumba 55 kwa sentimita 10. Hesabu kwa upana, kisha kwa urefu. Kwenye seti hii zinatoka 55 na 55, jambo ambalo si la kawaida kwa vitambaa vya kukata kwa mita. Ukikuta upande mmoja una 55 na mwingine 50, misalaba, yaani mishono miwili miwili inayokatana, haitakuwa ya mraba, na nyumba ya kwenye chati itaonekana imevutwa. Wanga uliowekwa kiwandani unakifanya kiwe kigumu, na ugumu huo unasaidia: matundu yanabaki wazi na macho hayachoki upesi. Usikifue kabla ya kazi.

Upungufu wake ni pambizo. Mchoro una misalaba 140 kwa 196. Ukigawanya kwa 14 unapata inchi 10 kwa 14, yaani sentimita 25.4 kwa 35.6. Kinachobaki ni chini kidogo ya sentimita 4 kila upande. Fundi wa fremu anataka sentimita 7 hadi 8 ili akunje kitambaa nyuma ya ubao na kukikaza. Njia ni kuongeza vipande vya amerikani pande zote nne kwa cherehani kabla hujaanza, upana wa sentimita 5 hivi. Fundi cherehani yeyote wa barazani atakufanyia kwa dakika chache, na ukingo wa aida hautachanuka tena. Ukichagua kupiga zigizaga peke yake, hutachanukiwa, lakini tatizo la fremu litakungoja mwishoni.

Sindano hazina neno. Namba 24 ndiyo yenyewe kwa aida 14, ncha yake ni butu hivyo inapita kwenye tundu bila kuchoma uzi wa jirani. Usibadilishe kwa sindano ya kawaida ya kushonea nguo.

Sasa nyuzi. Chati inataja namba za DMC, kiwanda cha Ufaransa ambacho namba zake zimekuwa kipimo cha wadarizi karibu kila mahali, lakini uzi uliomo si wao. Ni uzi mwingine uliotiwa rangi ya kukaribiana. Hilo peke yake si kosa, maana uzi ni wa pamba na ukubwa wake unalingana. Kulijua hilo kwa hakika, choma ncha ya sentimita mbili: pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kidoleni, ya polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Polista inang'aa vizuri dukani, lakini inateleza, inafungua mwanzo wake, na inajifunga mafundo kila baada ya mishono michache. Kwa hiyo ukiongeza uzi kutoka kwenye vikapu vya rejareja, peleka kiberiti.

Kosa la nyuzi hizi ni mbili: mwekundu ni pungufu, na mwekundu unachuja.

Upungufu unahesabika kabla hujatunga sindano. Mwekundu umetumika kwenye ukingo, paa la nyumba na mstari mzima wa herufi kubwa, jumla misalaba kama 2,400. Kitita cha kawaida cha mita 8, chenye nyuzi ndogo sita, kikitumika mbili mbili kwenye aida 14, kinatoa misalaba 1,700 hadi 1,800 ukiondoa kinachopotea kwenye kuanza na kumaliza. Kwenye kadi kuna vipande 10 vya sentimita 90, yaani mita 9, sawa na misalaba kama 1,950. Utapungukiwa na misalaba karibu 450, na itakuwa mahali panapoonekana, katikati ya ukingo wa chini.

Kuna namna ya kubana matumizi. Usivute nyuzi mbili kwa pamoja. Vuta mmoja tu kutoka kwenye ile sita, ukishika kipande kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu kwenda juu. Nyingine zitajikunja kisha zitanyooka zenyewe. Ukunje huo mmoja katikati, upate mbili za sentimita 45. Pitisha ncha mbili kwenye tundu la sindano, kitanzi kibaki nyuma. Toa sindano mbele, rudi nyuma ukifanya nusu ya kwanza ya msalaba, kisha pitisha sindano ndani ya kitanzi na ukaze. Hakuna fundo, hakuna mkia wa kuficha, na vipande vya sentimita 90 vinaingia kwenye hesabu hii bila kubaki. Hata hivyo, upungufu wa mwekundu hautaisha wote kwa njia hii. Nunua kitita kimoja cha ziada kabla ya kuanza, na ukilinganishe nje ya duka, mchana, si chini ya taa ya kaunta.

Kwa kweli naona ni afadhali kuacha mwekundu wa seti kabisa na kununua vitita viwili vya DMC 321, au vya kampuni ya Anchor vya rangi inayokaribia, vya fungu moja, yaani vilivyotiwa rangi pamoja. Vikikosekana Mwanza, anayetoka Dar es Salaam au Nairobi anaweza kubeba, na havina uzito. Ukingo wote ukitoka kwenye uzi mmoja hakuna atakayeona mpaka wa rangi.

Kuhusu kuchuja: rangi nyekundu iliyozidi kwenye uzi, ambayo haikushikana na pamba, hutoka inapokutana na maji na kuhamia kwenye kitambaa cheupe kilicho karibu. Maji ya moto huitoa kwa wingi zaidi. Kipimo ni rahisi. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, kunja ndani yake uzi wenye urefu wa kidole, bana kwa dakika 10, kisha fungua. Mwekundu wa seti hii uliacha mstari wa waridi, na ule wa samawati iliyokoza uliacha kivuli hafifu. Rangi nyingine saba zilitoka safi.

Ukiamua kuutumia huo huo, uoshe kwanza. Toa vipande kwenye kadi, vifunge kwa uzi mweupe mahali pawili bila kukaza, la sivyo zile nyuzi sita zitasukana na hazitaachana tena. Vitumbukize kwenye maji baridi yenye tone la sabuni ya vyombo. Maji yakibadilika rangi mwaga, weka mengine, endelea mpaka yabaki meupe kwa nusu saa nzima. Anika kivulini. Chumvi na siki, ambazo kila mtu atakushauri, haziishiki rangi ya namna hii kwenye pamba. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi. Kama waridi limeshaingia kwenye kazi iliyokwisha, jambo kubwa ni kutoiacha ikauke. Izamishe kwenye beseni kubwa la maji baridi, badili maji kila yanapopata rangi, hata kama itakulazimu kulaza kazi ndani ya maji usiku kucha. Pasi isiikaribie mpaka doa limekwisha, na dawa za klorini zisitumike kabisa, maana zinakula pamba na kufifisha rangi zile zilizokuwa salama.

Chati nayo inauma macho. Misalaba 140 kwa 196 kwenye A4 moja inafanya kijumba kisizidi milimita moja na nusu, na alama ya kijani kibichi na ya kijani kilichokoza zinatofautiana kwa nukta moja tu. Ipeleke steshenari, ikuzwe kutoka A4 kwenda A3 kwa asilimia 141, kisha pakaa rangi ya kalamu juu ya kila mraba wa 10 kwa 10 unaoukamilisha.

Kitambaa nacho kigawanywe kumi kumi, na hapa Mwanza tuna kifaa ambacho wadarizi wa mbali na ziwa wanakiagiza. Ni uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba wa milimita 0.20 au karibu na hapo, wenye rangi ya buluu au nyekundu. Maduka ya zana za uvuvi upande wa Kirumba, karibu na Mwaloni, wanauza. Upitishe kwa mishono mirefu, juu ya vijumba kumi, chini ya kumi, kwa upana na kwa urefu. Kwa kuwa si wa kusokotwa, sindano yako haiwezi kuuchoma katikati, na kazi ikiisha unavuta ncha moja unatoka mzima. Uzi wa pamba unaotumika kugawanyia huchomwa na misalaba, na ukiuvuta unaacha manyoya. Kalamu za kufutika kwa maji zinafaa mradi pasi isipite kabla hazijafutwa. Joto huufanya wino ukae.

Ugumu mkubwa zaidi wa chati ni herufi zenyewe. Imenakili alfabeti ya vitambaa vya kale vya mazoezi ya kudarizi vya Uingereza, enzi ambazo I na J zilihesabiwa herufi moja, na U na V vilevile, kwa hiyo haina J wala U. Kitambaa cha kale kuliko vyote vya aina hiyo vya Uingereza vyenye tarehe vilivyobaki, cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, kinatoka enzi hizo na kipo kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kwa mtu wa kule wa zamani ilitosha. Kwetu herufi U haiwezi kukosekana: karibu, Mungu, nyumba, upendo. Na majina ya Juma na Joyce yatakuwaje bila J?

Zichore mwenyewe kwa kufuata kipimo cha herufi nyingine za chati, ambazo zina upana wa misalaba 5 na urefu wa 7. U ni nguzo mbili za misalaba 6, na 3 chini katikati yake: jumla 15. J ni nguzo ya kulia ya misalaba 6, mitatu chini, na miwili ya kupanda kushoto: jumla 11. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng' yanahitaji alama ya juu: misalaba miwili iliyosimama kwenye mistari miwili ya juu, ikiachiwa kijumba kimoja kitupu kila upande.

Kisha hesabu maneno kabla ya kushona hata msalaba mmoja. Ndani ya ukingo kuna nafasi ya misalaba 116. Herufi ya kawaida ni 5, I ni 3, M na W ni 7, kijumba 1 kati ya herufi na 4 kati ya maneno. KARIBU inachukua 33. NYUMBANI inachukua 47. Pamoja na nafasi ni 84, inabaki 32, unaacha 16 kila upande na maandishi yanakaa katikati kabisa. Ukiongeza KWETU, ambayo ni 31, pamoja na nafasi yake unafika 119, umezidi kwa 3. Wengi hubana nafasi za herufi ili iingie, na matokeo yake N na Y zinashikana hadi hazisomeki. Weka KWETU mstari wa pili.

Kupanua ukingo nako kuna sheria yake. Ua la ukingo linajirudia kila misalaba 8, na kila pembe imechukua 10: kwa upana ni marudio 15, kwa urefu 22. Unaweza kuongeza 8 tu au mafungu ya 8, si 3 wala 5, vinginevyo maua hayatakutana pembeni. Ukifikisha upana wa 148, kitambaa cha seti kinabaki na sentimita 3 kila upande, jambo linaloturudisha kwenye vile vipande vya amerikani.

Anza na ukingo, tangu katikati ya upande wa juu, ukienda kulia na kushoto. Ukingo ukikosewa kijumba kimoja tu, utakutana na pengo baada ya misalaba zaidi ya 600, wakati ambapo kufumua ni kazi ya siku nzima. Gawio la kumi kumi linaonyesha kosa hilo mapema. Na miguu ya juu ya misalaba yote ielekee upande mmoja. Usigeuze kitambaa kichwa chini upate raha ya mkono, kwa sababu mwanga utaanguka tofauti kwenye sehemu ile na itaonekana kama doa ingawa hakuna uzi uliobadilika.

Fremu ya plastiki inateleza. Ile pete ya ndani izungushiwe ukanda mwembamba wa pamba, ushonwe mwisho wake, na kitambaa kitakaa kimekazwa bila kukazia skrubu hadi ipasuke. Itoe kila unapomaliza kazi ya siku. Ikilala kwenye kitambaa wiki nzima inaacha duara la uchafu wa jasho ambalo ni gumu kulitoa. Sindano nayo isilazwe kwenye kazi. Unyevu wa kando ya ziwa, hasa masika, unaitia kutu, na doa la kutu kwenye aida nyeupe ni gumu sana kulitoa.

Wanaokaa Kirumba, Capri Point au Igombe wanajua jambo jingine. Jioni wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi, wanafuata taa, na kitambaa cheupe chini ya taa ndipo wanapotua. Ukimpangusa kwa kidole anaacha mchirizi wa kijani. Mwache akauke kisha mpulize. Bora zaidi, zile jioni funika kazi kwa foronya na ungoje asubuhi. Mwanga wa asubuhi mlangoni ni mzuri kuliko balbu yoyote kwa kazi hii: njano hafifu na ekru (nyeupe ya maziwa) za seti hii hazitofautiani kabisa chini ya taa yenye rangi ya njano, na ni rahisi kushona dirisha zima kwa rangi isiyo yake.

Kazi ikiisha, vuta uzi wa nailoni, fua kwa maji baridi, kandamiza ndani ya taulo bila kusokota, na piga pasi ikiwa na unyevu kidogo, sura ya kazi ikiwa chini juu ya taulo nene ili misalaba isilale bapa. Pasi ya mkaa itumike kwa tahadhari, chembe moja ya masizi inatosha kuharibu.

Mwisho wa yote ni fundi wa fremu. Wengi wamezoea picha na vyeti, kwa hiyo wanapaka gundi kwenye ubao na kubandika. Gundi hiyo hupenya, inageuka kahawia, na kazi haiwezi kutolewa tena ifuliwe. Mwambie kabla hajashika kitambaa: kikunjwe nyuma ya ubao na kivutwe kwa uzi imara, upande kwa upande, kwa mishono ya kwenda na kurudi kama kamba za kiatu. Kioo kisiguse misalaba. Aweke kijiti chembamba cha milimita 3 au 4 pembeni, la sivyo unyevu utajifungia kati ya kioo na kitambaa na ukungu utaota. Chagua ukuta usiopigwa na jua la saa kumi jioni. Mwekundu ndio unaofifia kwanza.